Mwezi Mdogo Chini ya Rili

Waliorudi Oman kutoka Afrika walikuwa matajiri wote huko walikotoka, hakubaki hata mmoja. Hilo nililijua tangu mdogo, pale Ibra, maana kila nyumba tuliyokwenda kusalimu nilisikia habari za mashamba ya karafuu, maduka ya ghorofa, malori na ng'ombe. Ukiyaunganisha mashamba yaliyotajwa Ibra peke yake, Unguja na Pemba hazitoshi, itabidi uazime na Madagaska. Hakurudi hata mtu mmoja ambaye huko alikuwa akiuza vitumbua.

Kasoro alikuwa nayo baba yangu, kwa sababu yeye alisema kweli. Akiulizwa alifanya kazi gani Mwanza ujanani, alijibu kwamba alikuwa akipiga chapa kwenye rili za kuvulia samaki. Watu wakimtazama kwa huruma. Walidhani mtu huyu mambo yamemwendea vibaya mpaka hata uongo hawezi kuupanga.

Rili, kwa asiyeijua, ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, chenye kishikio cha kuzungushia mshipi. Kiwanda kilichokuwa kikizitengeneza kilikuwa Uingereza, katika mji mdogo wenye mto na mvua nyingi. Kwa muda mfupi kiwanda hicho kilileta vipande vyake Mwanza ndani ya makasha, na karakana moja karibu na bandari ikaviunganisha ili wauziwe mabwana wa serikali waliokuwa wakiua Jumapili zao ziwani. Baba alipewa kazi ya mwisho kabisa. Alikuwa na nyundo na kipande cha chuma chenye chapa ya mwezi mwandamo, na kila rili iliyokamilika aliipiga chapa hiyo chini ya mguu wake, pale inapokaa kwenye fimbo, ijulikane kwamba imeunganishwa Mwanza. Sasa baba ni mtu wa shoto. Mwezi wake ukatoka umelala upande wa kushoto, kama uliochoka. Msimamizi akamkaripia, akajaribu kwa mkono wa kulia, akajiponda kidole, na mwezi ukaachwa uendelee kulala. Baadaye karakana ikafungwa bila ya mtu kuiaga.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake ya fahari. Kisha akaja Oman, akapata ukarani katika ofisi ya baladia, yaani manispaa, Ibra, mji wa mitende na mifereji ya falaji, ambako ukitaka kuona bahari lazima upande gari na ubebe chakula. Na huko huko, mbali na maji yoyote yanayofaa kuvuliwa, baba yangu akajifanya mwanahistoria wa kiwanda cha rili.

Majlisi za watu, vyumba vya kupokelea wageni, zina vyetezo, majambia na madele ya kahawa ya zamani. Ya kwetu ilikuwa na rili. Zilipangwa kwenye rafu kwa nasaba, kama masultani. Alizipata kwa njia za ajabu: kwa wahandisi waliomaliza mikataba, kwa Wahindi waliokuwa wakirudi kwao, kwa posta kutoka kwa wazee wa Ulaya waliokuwa na ugonjwa kama wake. Mgeni aliyekuja kwetu kuomba saini kwenye karatasi ya baladia hakutoka mpaka asomewe historia yote. Kwanza, enzi ya shaba, alipokuwapo fundi saa mmoja aliyechoka na saa na kuamua kwamba meno ya saa yanaweza pia kuvuta samaki. Kisha enzi ya wanawe, waliogombana na kupatana na kugombana, na kila ugomvi ukazaa rili ya aina mpya. Kisha enzi ya alumini, baada ya vita. Na mwisho enzi ya plastiki, ambayo baba hakuiita plastiki, aliiita balaa, na ndiyo iliyokifunga kiwanda.

Nilizoea kuona wageni wakitikisa vichwa na kutazama mlango. Mama alikuwa akisema kwamba wanawake wenziwe wanagombana na wake wenza, yeye anagombana na kiwanda cha Uingereza, na kibaya zaidi kilishakufa.

Huko Ulaya kulikuwa na chama cha wapenzi wa rili kongwe, wenye jarida lao na mwenyekiti wao mstaafu. Baba aliwaandikia habari za karakana ya Mwanza, na mwenyekiti akamjibu kwa adabu sana, ile adabu inayokufanya utamani kutukanwa. Alisema kwamba wamechunguza, rili zote zilitengenezwa katika mji ule wa mvua, hapakuwahi kuwa na karakana Afrika, na huenda bwana anachanganya na bidhaa nyingine. Kama yupo mwenye rili yenye mwezi, akamalizia, chama kitafurahi kuiona. Walikuwa wanaandaa kitabu kikubwa cha historia ya kiwanda.

Baba hakuwa na rili yenye mwezi. Zote alizozikusanya zilitoka Ulaya, safi chini kama kiganja cha mtoto. Alizipindua moja moja kila zilipofika, na nikimwona anaipindua ya mwisho taratibu kuliko zote, mimi niliyekuwa nikimcheka siku nzima nilikuwa natoka chumbani nisimwone uso. Mtu ameishi ujana wake, ana kovu la kidole, na mzee mmoja kwenye baridi anamwambia kwamba haukuwapo.

Kabla sijafika Sur, lazima nieleze adabu zetu, maana ndizo zilizotuponza. Ukikisifu kitu nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba anakwambia, "Halali yako, chukua." Nawe unajibu, "La, kishafika kwa mwenyewe." Hapo mambo yanaisha, kila mtu amejionyesha mwungwana na hakuna aliyepoteza kitu. Tatizo ni vijana waliozaliwa huku, ambao wameokota nusu ya Kiswahili na robo ya adabu. Mtoto wa binamu yake baba, kijana wa Maskati, alikuja kwetu akasifu rili moja ya enzi ya wanawe fundi saa. Baba akasema halali yako. Kijana akasema, "Shukran, ammi," akaitia mfukoni, akaondoka nayo. Baba alisimama mlangoni akipunga mkono mpaka gari likapotea, kisha akaingia ndani akalala na viatu.

Sur tulikwenda mwanzoni mwa miaka ya tisini, kumpa pole mzee mmoja aliyefiwa na dada yake. Mzee huyo alikuwa mtu wa Unguja mjini wa zamani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, na alikuwa amejuana na babu yangu. Niliendesha mimi, binti yake, kwa sababu kaka zangu walikuwa na shughuli muhimu ya mpira. Tulikaribishwa sote katika chumba kimoja, kwa kuwa wale wazee hawakuwa na mambo mengi ya kutenganisha watu wanaozungumza lugha moja. Mkewe mzee alikaa pembeni akishona kofia ya viua, na uzi wake mweupe ulikuwa umeviringishwa kwenye rili.

Baba aliiona kabla ya kuiona kahawa. Alisoma fatiha, akauliza habari za maziko, akajibiwa, na muda wote jicho moja lilikuwa kwenye uzi. Mwishowe akaomba kuitazama. Mzee akaeleza kwamba aliachiwa na Mwingereza aliyekuwa akihama Unguja kwa haraka, akaja nayo Oman ndani ya sufuria, na kwamba watu wa Sur, wanaovua kwa mshipi wa mkono tangu dunia kuumbwa, waliicheka makina hiyo mpaka akampa mkewe atilie uzi. Baba akaipindua. Akaishikilia hapo, uso chini, muda mrefu kuliko ustaarabu unavyoruhusu.

"Nzuri hii," akasema.

"Halali yako, bwana, chukua tu," akasema mzee wa Sur.

"La, la. Ishafika kwa mwenyewe."

Mzee akamwitikia kwa kichwa, akairudisha kwa mkewe, akamimina kahawa. Basi.

Tulipofika karibu na njia panda ya Jalan Bani Bu Hassan ndipo baba akasema kwamba ule mwezi upo, umelala kushoto, na ni wake, kwa mkono wake. Nilikanyaga breki. Nikamuuliza kwa nini hakuichukua, hali alipewa. Akanieleza kwa utulivu kama anayemweleza mgeni. Sisi watu wa bara, akasema, mtu akikupa kitu kwa dhati hakuachii na neno moja. Anakufuata, mnavutana, anakutilia mkononi, unakirudisha, anakitupa ndani ya gari lako, na hapo ndipo unajua kwamba kakupa. Yule mzee hakumvuta hata kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimekaa na watoto wa Kiunguja shuleni na nilijua jambo ambalo baba hakulijua. Wale kumshikilia mgeni wanaona ni mambo ya sokoni. Wanakupa mara moja, kwa sauti ya chini, na ukikataa wanaheshimu kukataa kwako, wasikusumbue. Nikamwambia hivyo. Akasema huenda, lakini yeye hawezi kuchukua kitu cha mtu kwa huenda. Tena akaniapisha nisithubutu kumtajia mtu yeyote wa nyumba ile habari za mwezi, maana kuutaja ni kuiomba, na kuomba katika nyumba ya msiba hakujaingia katika ukoo wetu.

Basi ukaanza mwendo wa kila Idi na kila likizo: Ibra kwenda Sur, baba amevaa kanzu mpya, kwenye buti halua na tende, na mimi kwenye usukani nikihesabiwa thawabu za kuunga undugu. Tunafika, shikamoo, marahaba, hayyakum Allah, habari za huko. Baba anaisifu rili. Mzee anampa. Baba anakataa. Mzee anaheshimu. Tunarudi. Nimewaona watu wakipoteza vitu kwa ujinga, kwa ulevi na kwa kesi za mirathi, lakini hawa wawili walikuwa wakikipoteza kitu kimoja kwa uungwana, kila mmoja akishindana kumshinda mwenziwe, na mwaka baada ya mwaka wote walikuwa washindi.

Safari moja nilipeleka kamera. Nikamwomba bibi nimpige picha na kazi yake, akafurahi, akainua kofia na rili. Picha iliposafishwa dukani Ibra ilionyesha mwako wa taa, nusu ya kofia, na uzi mweupe uliopendeza sana. Baba akaipeleka Ulaya hivyo hivyo. Mwenyekiti akajibu kwamba ushonaji ni mzuri. Akaongeza kwamba kitabu kinakaribia kwenda mtamboni, na kama rili yenyewe ipo, waletewe waishike kwa mikono yao, na ikiwa kweli basi karakana ya Mwanza itaingia kitabuni. Baba aliisoma barua hiyo mpaka mikunjo yake ikakatika.

Wakati huo mimi nilikuwa nimehamia Nizwa kusomesha. Naye baba, kwa mara ya kwanza, akakata shauri kwamba Idi ile atasema. Alifanya mazoezi. Nilimsikia kwenye simu akinisomea maneno aliyoyatunga, yenye dibaji ndefu, visamaha vitatu na ombi moja dogo lililofichwa katikati kama mfupa katika samaki. Nikamwambia yanafaa.

Hakuyasema. Mzee wa Sur alitutangulia. Asubuhi ya Idi, nikiwa nimekuja nyumbani Ibra, gari likasimama mlangoni, akateremka yeye na mwanawe, mkewe kabaki kwa sababu ya miguu. Alikuwa na sanduku la mahameli kifuani. Kabla hata ya kahawa akamkabidhi baba kwa mikono miwili.

"Miaka yote n'nakupa kitu kichafu," akasema, "kina kutu na uzi wa wanawake, nawe kwa adabu zako unakataa, hutaki kuniambia uso kwa uso. Mimi ndiye niliyekuwa sina haya, bwana. Sasa hichi ndicho apewacho mtu kama wewe."

Baba akafungua. Ndani mlikuwa na rili inayong'ara mpaka ikatupa mwanga ukutani. Mzee aliipeleka Nizwa kwa sonara, mmoja wa wale wanaotengeneza majambia, naye akaisugua yote kwa msasa, akaitia maji ya fedha, akaichora maua ubavuni, na katikati ya maua akachora jina la baba yangu kwa khati ya kupendeza. Nizwa! Wiki baada ya wiki nilikuwa nikipita mbele ya vibanda vile kila Ijumaa, baada ya mnada wa mbuzi, nikienda kununua mkate, na ndani mmoja wa mafundi amekaa anausugua ujana wa baba yangu kwa bidii na ustadi.

Baba akaipindua. Chini palikuwa laini. Mzee akaona anatazama huko, akafurahi, akasema kwamba hapo palikuwa na mikwaruzo mikwaruzo, sonara amepafanyia kazi zaidi.

Nimemwona baba akizika wazazi wake, na sikuwahi kumwona akijizuia namna ile. Alimkumbatia mzee. Akasema kwamba amekosa la kusema, na katika historia nzima ya uungwana wao hilo ndilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote. Mzee alipoenda kutawadha machozi yalikuwa yakimtoka kwa furaha.

Jioni ile nilikuwa na hasira na kila mtu: sonara, mzee, adabu za Unguja, adabu za bara. Nikamwambia baba achukue nyundo. Apige mwezi mwingine, mkono si ndio ule ule? Hata kama wangeuchunguza kwa hadubini wangemkuta yeye. Alinitazama kama nimemkaribisha nyama ya nguruwe siku ya Idi.

"Mkono ndio ule," akasema, "lakini Mwanza haipo."

Nikaipiga picha ile fedha kwa kamera ya mwalimu mwenzangu, nikaituma kwa barua-pepe, ndio kwanza tumeanza kuzijua. Mwenyekiti akajibu siku hiyo hiyo kwamba ni kazi nzuri ya mapambo ya Kiarabu, ila kwa masikitiko ukarabati wa aina hiyo unaiondolea rili thamani yote. Kitabu kikatoka. Baba alikinunua, maana yeye ni mtu wa haki. Akakisoma chote akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mwanza haikuwamo. Alipomaliza akasema karatasi zake ni nzito na picha zimetoka vizuri, akakiweka kwenye rafu, na kwa muda mrefu hakumsomea mgeni yeyote historia ya kiwanda. Mama, aliyekuwa akiiombea siku hiyo ifike, akaanza kuwauliza wageni kama wangependa kuzisikia habari za fundi saa.

Halafu yule kijana wa Maskati akarudi, sasa mtu mzima mwenye kazi ya benki na manukato makali. Akaiona rili ya fedha, akasoma.

"Ammi, hii kitu ina jina yako," akasema. "Yaani kiwanda ilikuwa yako? Wallahi sisi hatujui."

"Hapana. Mimi nilikuwa napiga chapa tu," baba akajibu.

Kijana akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema wazee wa zamani wana unyenyekevu, mtu ana kiwanda anasema anapiga chapa. Akaondoka, safari hii bila kitu mfukoni maana baba alikuwa amejifunza kunyamaza akisifiwa, na kabla ya mwezi kwisha habari zikaenea Maskati, Ibra, mpaka Izki na Manah kwa jamaa wa upande wa mama. Baba alikuwa na kiwanda. Watu walipumua. Miaka yote walikuwa wakimwonea haya kwa kuwa na ukweli mdogo namna ile, na sasa amepata uongo wa kiasi chake, wenye fedha na khati, akawa mtu kama watu. Walimwita mwenye kiwanda. Alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumsifu. Kwenye arusi akiwekwa mbele, baina ya wenye karafuu na wenye malori.

Yeye hakufurahi hata kidogo. Aliwahi kuniambia kwamba mwanzo walimnyima kazi yake, sasa wamempa ya mtu mwingine, na ile yake bado hana.

Miaka ikapita hivyo. Mzee wa Sur na mkewe wakaja kwetu siku moja wote wawili, miguu ya bibi ikiwa imepata nafuu. Tulikula, mzee akaegemea mto majlisini usingizi ukamchukua, mama akaenda kwa jirani kuazima vikombe, nami nikakaa na bibi jikoni. Alitoa kofia yake na kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa uzi. Uzi ukateleza, ukafumka, ukaingia chini ya meza, na bibi akaanza kulalamika. Akasema kwamba tangu makina yake iende kwa sonara hajapata kitu kingine kinachoushika uzi, kopo halina adabu, na kwamba yeye alisema mapema asisikilizwe.

"Nilimwambia mume wangu, msikisugue kile kijimwezi," akasema. "Akanambia mwezi gani, mkwaruzo ule."

Nikaacha nilichokuwa nikikifanya. Sikuwa nimemwambia neno. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuambiwa neno. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, ni kijimwezi gani hicho.

Akanishangaa. Chini ya mguu wa ile makina, akasema, mahali pa kutilia kidole. Umeme ulipokatika alikuwa akikitafuta kwa kidole gumba, ndipo anapojua upande wa kuzungushia. Kidole chake kilikuwa kikikijua kuliko macho. Na alipokuwa akisema, kidole chenyewe kilikuwa kikisugua hewa.

Baba alikuwa nje kwenye bomba akitawadha kwa Alasiri. Nikamwita aje kama alivyo. Akaja na mikono inatiririka maji, akasimama mlangoni mwa jikoni, na nikamwomba bibi amweleze tena alichonieleza. Akamweleza. Baba hakuja karibu. Alishika fremu ya mlango.

"Kilikuwa kimelala upande gani, dada?" akauliza.

Bibi akainua kiganja, akakilaza kushoto. "Hivi. Kama kimepigwa na mtu wa shoto."

"Ni mimi," baba akasema. "Mimi ndiye niliyekipiga."

Bibi akamtazama juu mpaka chini, akatazama ule mkono uliokuwa umeshika mlango, akarudi kwenye sindano yake. "Basi ulikipiga vibaya," akasema. "Miaka yote najiuliza nani huyo."

Baba akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, pale mlangoni, na udhu wake nadhani ulikwisha, nami nikalia kwenye bakuli la vitunguu ambavyo bado sikuwa nimevikata. Siku zote alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu aliyeuona, na tulikuwa tukimpita kila Idi, tukimpa halua, tukimuuliza habari za miguu.

Kisha akaenda majlisini kwa ncha za vidole, asimwamshe mzee, akarudi na rili ya shaba ya enzi ya fundi saa mwenyewe, ile aliyokuwa hamruhusu mtu hata kuipanguza vumbi. Akampa bibi.

Bibi, mtu wa Unguja, akasema, "La bwana, iko kwa mwenyewe."

Baba hakuheshimu. Akamtilia mkononi. Bibi akairudisha, baba akaisukuma, bibi akaiweka mezani, baba akaichukua akaitupa ndani ya mfuko wa kofia na kuukaza mdomo wake, wakivutana kama watu wanaogombania nauli, mpaka bibi akachoka. Baba alipotoka kutawadha upya, bibi akaitoa, akaipindua kuangalia chini, akaona hamna kitu, akaguna. Akaanza kuihamishia uzi.

Mzee wa Sur aliamka kwa adhana. Akapita jikoni akitafuta viatu vyake, akaiona rili mkononi mwa mkewe, akaisogeza kwenye mwanga. Akasema ni kitu cha heshima lakini kimepoteza rangi, na kwamba anamjua sonara mmoja Nizwa. Sote watatu, baba akipaza sauti kutoka bombani, tukamwambia aiache kama ilivyo.